Mlezi awe fanani: Jinsi ya kuwateulia watoto visa salama katika michezo ya video

LIKIZO ya shule inapowadia, mandhari ya alasiri katika mitaa ya Ukunda na vijiji vya Msambweni hufanana. Watoto waliotoka chuoni huketi barazani au chini ya mwembe, vichwa vimeinama, macho yamekodolea kioo cha simu ya mama au ya kaka. Mmoja hushika simu, wanne humzunguka wakimwelekeza: pita huku, usimfuate yule, chukua upanga, ufunguo uko nyuma ya mlango. Mpita njia hudhani ni mchezo tu. Kwa hakika watoto hao wamo ndani ya hadithi, na hadithi hiyo ina mtunzi ambaye hakuna mtu mzima hapo nyumbani anayemjua.

Mtunzi huyo si lazima awe mwajiriwa wa kampuni kubwa. Katika michezo kadhaa maarufu ya video, hasa ile ya kuigiza uhusika ambamo mchezaji hujivika nafsi ya shujaa, mwindaji au mganga katika ulimwengu wa kubuni, visa vingi hutungwa na wachezaji wenyewe. Huvitunga kwa mapenzi, wakavitoa bure au kwa bei ndogo, na yeyote mwenye mtandao akavipakua. Miongoni mwavyo vimo vinavyomfaa mtoto wa miaka minane. Vimo pia ambavyo hata mtu mzima atavifunga kwa haya.

Simu zimekwisha kuingia majumbani kuanzia Tiwi hadi Vanga, na mjadala wa iwapo mtoto acheze au asicheze umepitwa na wakati katika nyumba nyingi. Swali lililobaki ni zito zaidi: nani amekiteua kisa anachokicheza mtoto, na kwa kigezo gani?

Fanani asiyeiona hadhira yake

Wenyeji wa pwani ya kusini wanaijua kazi ya kuteua hadithi tangu kale. Bibi aliyeketi na wajukuu baada ya chakula cha usiku, kule Gazi au Vanga, hakuitamba ngano ile ile kwa namna ile ile kila siku. Alianza kwa “Paukwa”, akajibiwa “Pakawa”, kisha akawatazama waliomzunguka. Mdogo wao akijikunyata ubavuni mwake, zimwi lilipunguzwa makucha. Wakubwa wakianza kusinzia, zimwi liliongezwa kichwa cha pili. Wataalamu wa fasihi simulizi humwita msimulizi huyo fanani, na wanafunzi wa shule za upili hufundishwa kwamba fanani hodari huielewa hadhira yake na kuubadilisha utambaji wake papo hapo.

Michezo ya kuigiza uhusika nayo ilianzia mezani, miongoni mwa watu wanaoonana uso kwa uso. Mwaka wa 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa karatasi, penseli na dadu. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Yeye ndiye anayeeleza pango likoje, nani amejificha humo, na nini kinatokea baada ya dadu kutupwa. Akiona mtoto ameogopa, hulifanya joka lisinzie.

Mchezo ulipohamia kwenye tarakilishi, msimulizi huyo aliondoka mezani. Maneno yote yamekwisha kuandikwa, joka limewekwa mahali pake, na mashine haijui kama aliyeshika kipanya ana miaka 30 au saba. Nafasi ya fanani imebaki wazi. Mzazi, shangazi, kaka mkubwa au mwalimu asipoikalia, hakuna mwingine atakayeikalia.

Mfano wa Neverwinter Nights

Mchezo uliolidhihirisha jambo hili mapema ni Neverwinter Nights, uliotolewa Juni 2002 na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, kwa kufuata kanuni za Dungeons & Dragons. Pamoja na hadithi kuu, wanunuzi walipewa programu iitwayo Aurora, ambayo ni karakana ya kutungia visa. Mwenye karakana hiyo aliweza kupanga misitu, mapango na miji kama fundi apangaye vigae, kuweka watu na wanyama, kuwaandikia maneno ya kusema, na kuamua nini kitokee mlango fulani ukifunguliwa.

Wapenzi wa mchezo huo walitunga maelfu ya visa, vingine vya saa moja, vingine vya makumi ya saa. Mwaka wa 2018, kampuni ya Beamdog, ambayo pia ni ya Edmonton, ilitoa toleo lililoboreshwa, na baadaye toleo hilo likaingia kwenye simu. Hivyo basi, kisa kilichotungwa wakati mzazi wa leo alipokuwa shule ya msingi bado kinaweza kuchezwa na mwanawe.

Hadithi kuu ya mchezo huo haiwafai watoto wadogo. Inaanzia katika mji uliofungiwa malango kwa sababu ya tauni. Wafu wanatembea katika mtaa wa maskini, wafungwa wamelivunja gereza, na sehemu ya kwanza humalizika kwa kasisi mpole kunyongwa ili kuutuliza umma wenye hasira. Ndiyo maana bodi ya ESRB, inayoainisha michezo ya video Marekani, iliupa daraja la vijana wa kuanzia miaka 13.

Lebo ya kasha haisemi yote

Hapa ndipo penye mtego. Daraja hilo liliwekwa kwa kazi ya kampuni. Visa vilivyotungwa na wapenzi baadaye havikupitia mikononi mwa bodi hiyo. Kisa kinaweza kuwa chepesi kuliko mchezo wenyewe, na kinaweza kuwa kikali mara kumi.

Nchini Kenya, Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB), inayotekeleza Sheria ya Filamu na Maigizo ya Jukwaani, Sura ya 222, huweka filamu katika madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa watoto walio na mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18. Mzazi aliyezoea kuzitafuta herufi hizo kwenye jalada la filamu hatazikuta kwenye kisa kilichotungwa na mtu chumbani mwake ng’ambo, kikapakuliwa Ukunda usiku kwa bando la simu.

Umaarufu nao haumhakikishii mzazi lolote. Mojawapo ya visa vya Neverwinter Nights vilivyosifiwa sana ni A Dance with Rogues, kazi ya mtunzi ajiitaye Valine. Wachezaji wazima wamekitukuza kwa ufundi wake wa usimulizi. Hata hivyo, kina ngono na ukatili wa kijinsia, na kinawalenga watu wazima. Mtoto anayetafuta visa vinavyopendwa zaidi huenda akakutana nacho mapema sana. Kwa upande mwingine, mfululizo wa Penultima wa Stefan Gagne unajulikana kwa ucheshi na kwa kuwafanyia mzaha mashujaa na majoka wa michezo hiyo hiyo. Kazi hizo mbili hufunguliwa kwa programu moja na hukaa katika ghala moja la mtandaoni.

Lililo jema ni kwamba watunzi wengi huandika maelezo ya kazi zao: kisa kinachukua saa ngapi, kinachezwa na watu wangapi, kina mapigano kiasi gani, mafumbo kiasi gani, na kinamfaa mchezaji wa umri gani. Maelezo hayo ndiyo mahali pa kuanzia. Kisa kisicho na maelezo yoyote ni kama chungu kilichofunikwa. Busara ni kukiacha mpaka mtu mzima akifunue.

Kuonja kabla ya kupakua

Mama hampi mtoto uji kabla ya kuuonja. Kanuni hiyo ya jikoni yatosha kuwa kanuni ya kwanza hapa. Mlezi acheze walau nusu saa ya mwanzo, kisha aruke mbele akitazame kisa katikati na mwisho. Asiyejua kucheza amwombe kijana mkubwa wa nyumbani acheze mbele yake, naye akae atazame. Wakati wa kuonja, yapo mambo kadhaa ya kuchunguza.

La kwanza ni njia anayotumia shujaa kushinda. Katika visa duni, kila anayekutana na mchezaji ni wa kuuawa, na maiti yake ni ya kupekuliwa mifuko. Visa bora huacha milango mingi. Neverwinter Nights yenyewe humpa mhusika stadi ya ushawishi, na mtunzi hodari huitumia: mlinzi wa daraja aweza kupigwa, aweza kubembelezwa, aweza kuletewa dawa ya mwanawe mgonjwa akaufungua mlango kwa shukrani. Mtoto anayepewa njia tatu hujifunza kufikiri. Anayepewa njia moja ya upanga hujifunza kubonyeza tu.

La pili ni jinsi uovu unavyoonyeshwa. Ngano za Waswahili na za Wadigo hazikuwahi kuwa za sukari tupu; zimwi lilimeza watu na mama wa kambo aliwatesa watoto. Lakini dhuluma ilitambuliwa kuwa dhuluma, na mwisho wake ulionekana. Kisa cha kuhofiwa ni kile ambacho mateso yamefanywa kichekesho, au ambacho mchezaji hutuzwa dhahabu kwa kumwonea mnyonge na hadithi ikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

La tatu ni hofu ya mtoto mwenyewe, na hofu ina mahali pake pa kuzaliwa. Mtoto aliyekulia Shimoni, jirani na mapango ambayo masimulizi ya wenyeji yanasema watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa, hatalitazama pango lenye minyororo kwa jicho la mtoto asiyewahi kuyasikia masimulizi hayo. Mtoto aliyelelewa akisikia habari za pepo na majini wa mibuyu huenda akakesha kwa sababu ya kivuli kimoja tu kwenye kioo, ilhali nduguye akacheka. Lebo ya umri huandikwa kwa ajili ya watoto wote. Anayemjua huyu mmoja ni mlezi wake.

La nne ni heshima kwa vitu vitakatifu. Michezo mingi ya aina hii humzoesha mchezaji kufukua makaburi, kuvunja madhabahu na kubeba kilichomo. Kwale si mahali pa kulipuuza jambo hilo. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu ya makaya ya Wamijikenda iliyotiwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Mgeni huingia humo akiwa amejifunga kaniki, haruhusiwi kufanya ghasia, wala hatoki na kitu mkononi. Pwani hii pia ndiyo ambayo vigango vya Wagiriama vimeibwa na kuuzwa ng’ambo kama mapambo ya sebuleni. Mtoto anayetuzwa kila siku kwa kupora kaburi la kubuni anastahili kuulizwa: je, kama lingekuwa la babu yetu? Swali hilo moja, likiulizwa bila ukali, lina faida kuliko kuufuta mchezo.

Imani, saa na lugha

Jamii kubwa ya Wadigo ni Waislamu, na katika ulimwengu wa Dungeons & Dragons makasisi huipata nguvu yao kutoka kwa miungu mingi ya kubuni, nao uchawi ni kazi kama kazi nyingine. Zipo nyumba zitakazoukataa mchezo wote kwa sababu hiyo, na hiyo ni haki yao. Zipo nyingine zitakazouweka pamoja na hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo zimejaa majini na wachawi na ambazo zimesomwa kwa Kiswahili kwa vizazi kadhaa bila msomaji kudhani ni mafundisho ya dini. Anayefuata njia ya pili afanye jambo moja: azungumze na mtoto mapema, amweleze kinachobuniwa na kinachoaminiwa, asingoje mtoto akaliulize mbele ya mwalimu wa chuo.

Kuhusu muda, mlezi atazame kama kisa kinaweza kuhifadhiwa popote. Mtoto mwenye kisa cha namna hiyo huinuka adhana ya magharibi inapoadhiniwa bila kupoteza jasho lake. Kisa kinachomlazimu amalize mapambano ya saa mbili ndipo aokoe kazi yake huleta ugomvi kila jioni, na kosa huwa la kisa kuliko la mtoto. Kwa walio chini ya miaka 10, visa vya saa moja hadi tatu, vyenye mwanzo na mwisho unaoonekana, vinatosha.

Lugha nayo ina uzito wake. Visa vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, na michezo ya aina hii husomwa zaidi ya inavyopiganwa. Mwanafunzi wa Gredi ya 4, mwaka ambao Kiingereza huwa lugha ya kufundishia, anaweza kunufaika sana na mhusika anayemsemesha kwa sentensi fupi na daftari la safari linalomkumbusha alichoagizwa. Mdogo wake hatanufaika. Atarukia mapigano kwa sababu mapigano hayahitaji kusomwa. Kwa huyo, mlezi akae kando asome na kufasiri, na bila kujua atakuwa ameirudisha jioni ya ngano.

Wageni waliomo ndani ya mchezo

Yote yaliyotajwa hapo juu yanahusu kisa kinachochezwa na mtu mmoja. Kisa cha namna hiyo kikishapakuliwa hakihitaji mtandao, na hakuna anayeweza kumsemesha mtoto isipokuwa maandishi ya mtunzi. Hali ni tofauti kabisa pale ambapo visa huchezwa na watu wengi kwa pamoja.

Roblox ndilo jina linalojulikana zaidi na watoto wa leo. Jukwaa hilo lilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2006. Halitoi hadithi moja. Hubeba mamilioni ya michezo iliyotungwa na watumiaji wake, ikiwemo ya mashujaa, mapanga na majoka, nayo huchezeka kwenye simu ya kawaida. Michezo hiyo huwekewa lebo za ukali wa maudhui katika ngazi nne. Novemba 2024, kampuni hiyo ilitangaza hatua za kuwazuia walio chini ya miaka 13 kutumiana ujumbe wa faragha nje ya michezo, na za kumwezesha mzazi kuiunganisha akaunti yake na ya mtoto. Serikali kadhaa hazikuridhika. Uturuki iliufunga mtandao huo Agosti 2024, na Qatar na Kuwait zikafanya hivyo Agosti 2025, habari zilizowafikia upesi jamaa wa Wakenya wanaofanya kazi Ghuba.

Kinga hizo, zilipotangazwa, zilitegemea sana umri ulioandikwa wakati wa kufungua akaunti. Mtoto wa miaka tisa anayecheza kwa akaunti ya kaka yake wa miaka 22, au aliyedanganya mwaka wa kuzaliwa ili apite haraka, aweza kuonekana na mashine kuwa mtu mzima. Jambo la kwanza la kukagua usiku huu, kabla ya kingine chochote, ni akaunti hiyo ina umri gani.

Pwani ya kusini ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka wa 2006, UNICEF na serikali ya Kenya zilitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono na unyanyasaji wa watoto katika pwani ya Kenya, na Diani ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa. Enzi hizo walezi walihofia anayemkaribia mtoto ufuoni. Siku hizi mtu wa namna hiyo hahitaji kupanda ndege wala kuvuka kivuko cha Likoni. Aweza kuvaa umbo la shujaa mwenzake, akamsaidia mtoto kuliua joka, akampa zawadi ya sarafu za mchezo, na baada ya wiki mbili akamwomba namba ya WhatsApp.

Dalili zake hufanana. Mgeni humpa mtoto zawadi asizoziomba, humuuliza umri, shule au mahali anapoishi, humtaka wahamie mahali pengine pa kuzungumza, na humwambia asimweleze mtu. Mtoto afundishwe kwamba siri inayodaiwa na mgeni ndiyo ishara ya kumwita mama. Mlezi naye, akiambiwa, asimpokonye simu kwa hasira wala asifute ujumbe. Mtoto aliyeadhibiwa kwa kusema hatasema tena, na ujumbe uliofutwa ni ushahidi uliopotea. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 na Sheria ya Watoto ya 2022 zipo kwa ajili hiyo. Nambari 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo, na malalamiko yanaweza kupelekwa pia kwa afisa wa watoto au kituo cha polisi kilicho karibu.

Kwa sababu hizo, mtoto aliye chini ya miaka 13 anafaa kuanza na visa vya mchezaji mmoja. Akitaka kucheza na wenzake, wacheze na wale anaowajua kwa sura, wa mtaa mmoja au darasa moja, na sehemu ya mazungumzo na wageni izimwe.

Kukifungua kisa na kukifanya cha nyumbani

Visa vilivyotungwa na wapenzi vina sifa moja ambayo filamu haina. Mzazi akikuta tukio baya ndani ya filamu, hana la kufanya ila kuizima. Visa vingi vya Neverwinter Nights vinaweza kufunguliwa ndani ya ile karakana ya Aurora, ambayo hutumika kwenye tarakilishi yenye Windows. Mlezi huona kila chumba kilichomo, kila kiumbe kilichojificha, na kila sentensi itakayosemwa. Huko ndiko kuonja kulikokamilika, kwa maana hakuna kona itakayomshtukiza.

Tena aweza kurekebisha. Mifupa inayotembea ikiwa inamkosesha mtoto usingizi, iondolewe, waje fisi. Mazungumzo machafu yafutwe. Zaidi ya yote, maneno yaweza kuandikwa upya kwa Kiswahili. Lugha hii huandikwa kwa herufi za Kirumi zisizo na alama za ziada, hivyo huonekana sawasawa kwenye kioo bila ufundi wowote wa ziada. Adabu inadai kazi iliyorekebishwa ibaki nyumbani, isisambazwe bila idhini ya mtunzi wa asili.

Kutoka kurekebisha hadi kutunga ni hatua fupi. Kenya ina mfano wa jinsi mchezo unavyoweza kuwa kalamu mikononi mwa raia. Mnamo 2012, UN-Habitat na kampuni ya Mojang walianzisha mpango wa Block by Block, na Kibera jijini Nairobi palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kufanyiwa majaribio. Wakazi walitumia mchezo wa Minecraft kuonyesha jinsi walivyotaka uwanja wao wa umma uwe. Watu ambao hawakuwa na elimu ya usanifu wa majengo waliweza kusema kwa matofali ya kwenye kioo jambo ambalo wangeshindwa kulichora.

Watoto wa Kwale hawana uhaba wa mali ghafi. Milima ya Shimba ina palahala, swara wa pembe zilizopinda ambaye nchini Kenya hupatikana huko tu. Gazi ina mikoko inayolindwa na wanakijiji. Wasini ina majahazi, na Funzi ina hori ambazo hazipitiki maji yakitoka. Kijana wa Msambweni aliyechoshwa na majumba ya theluji ambayo hajawahi kuyaona anaweza kutunga kisa cha nahodha anayetafuta mwanawe aliyepotea kati ya mikoko maji yakijaa, na akakitungia mwisho usiohitaji upanga. Dada yake mdogo atakuwa mchezaji wake wa kwanza, na pia bodi yake ya kuainisha: akilia, kisa kitarekebishwa.

Hapo kiti cha fanani kitakuwa kimekaliwa tena. Yule bibi wa Gazi hakuwa na lebo za umri wala akaunti ya mzazi. Alichokuwa nacho ni macho ya kumtazama mtoto aliyejikunyata ubavuni mwake, na nia ya kulipunguza zimwi makucha. Kazi hiyo bado haijapata mashine ya kuifanya, na jioni ya likizo ni ndefu vya kutosha kwa mtu mzima mmoja kuketi barazani, kuomba nafasi kati ya watoto watano, na kuuliza: hadithi hii inahusu nini?